Muulize Shangazi: Mtoto Kalazwa Barazani

Shangazi shikamoo. Nimeolewa Copenhagen. Mama mkwe anamlaza mwanangu wa miezi mitano nje, Januari hii, eti ndiyo afya. Mama yangu Tanga akimwona kwenye simu anapiga yowe. Nifanyeje?
– Mke wa Ugenini

Marahaba mwanangu. Mumeo naye alilazwa hivyohivyo, kwa hiyo kasoro zake usizisingizie baridi. Kigari chao kina godoro, duveti nene na mikanda ya kumzuia mtoto asichupe. Mguse shingo kwa nyuma. Ikiwa ina joto, rudi ndani unywe chai. Ila desturi hiyo usisafiri nayo. Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alimwacha mwanawe kigarini nje ya mgahawa New York, yeye yuko ndani anakula. Polisi walimkamata pamoja na baba mtu, na mtoto akachukuliwa kwa siku kadhaa. Mama yako mpigie mtoto akishaamka. Akizidi kulalama, muulize nani alikuwa akikutuma dukani kwa Mangi ukiwa na miaka sita, ukakatiza barabara ya malori.

Shangazi, mama amekuja Leicester kututembelea. Hataki mjukuu afungwe kwenye kiti chake garini, anasema si mfungwa, atampakata mwenyewe.
– Baba Njia Panda

Hapa sibembelezi mtu. Sheria ya Uingereza inataka mtoto akalie kiti chake mpaka atimize miaka 12 au afike sentimita 135, lolote litakalotangulia. Na hata isingekuwepo sheria, gari likigonga, hakuna mikono ya bibi itakayomzuia mtoto asirushwe. Najua, amezoea bodaboda yenye dereva, mama, watoto wawili na mkungu wa ndizi, na wote wakafika. Waliofika ndio wanaosimulia. Zungumza naye kwa adabu, mkeo asiwepo, kisha mkalishe pembeni ya mjukuu amshike mkono. Akigoma, usiwashe gari.

Shangazi, huku Zurich wanataka mwanangu wa miaka mitano aende chekechea kwa miguu, peke yake! Kila asubuhi namfuata nikijibanza nyuma ya miti.
– Mama Roho Juu

Yeye kavishwa pembetatu inayong'aa ili madereva wamwone. Wewe unajificha. Jirani akiita polisi, atakayekamatwa si mtoto. Toka mitini, mwanangu, nenda kazini.