Farasi Sitini wa Ihanda

Watu wamesifu wafalme, majahazi na wali wa nazi. Mimi naomba nafasi ndogo tu, kama ya buti lake, niisifu Vitz. Tena si ile iliyoshuka melini jana. Nasifu ya mwaka 2002, namba B, rangi ya fedha upande wa dereva, na upande wa abiria rangi inayojitahidi kufanana na fedha.

Naishi Ihanda, nafanya kazi Tunduma, na njia yangu ni ile barabara kuu ya TANZAM ambayo nusu ya Afrika hupita ikienda kwingine. Hapo ndipo yanapopita magari ya IT, yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam, yakikimbizwa Zambia na Lubumbashi, karatasi zimebandikwa kwenye kioo, nailoni bado ziko kwenye viti. Vitz yangu huyatazama kama mzee anavyowatazama watoto wa shule za kulipia. Haina wivu. Nayo iliwahi kuwa na nailoni.

Niliinunua Vwawa kupitia kwa dalali mmoja mwenye maneno laini kuliko usukani, na usukani wenyewe ulikuwa umelainika kama mpini wa jembe. "Bosi, hii alikuwa nayo mwalimu wa kike. Kazini, nyumbani, Jumapili kanisani." Dashibodi ilisoma kilometa 88,000. Nikainama nikaangalia pedali ya breki: mpira umekwisha, chuma kinang'aa kama sarafu mpya. Huyo mwalimu, kama alikuwepo, basi kanisa lake lilikuwa Lubumbashi. Nikagusa boneti. Ya moto. Fundi yeyote wa chini ya mparachichi atakwambia kwamba gari la kununua uliwashe wewe mwenyewe, alfajiri, likiwa limelala baridi, usikilize linavyokohoa na uangalie moshi: wa bluu, linakula oili, mweupe usiokoma, maji yanaingia yasipotakiwa. Muuzaji anayekuletea gari lililokwisha kupashwa moto amempaka mgonjwa poda kabla daktari hajafika. Haya yote nilikuwa nayajua. Nikalipa. Ndiyo sifa ya kwanza ya Vitz: bei yake hunyamazisha elimu.

Na nasaba yake msiichezee. Ilizaliwa 1999 kurithi kiti cha Starlet. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na kule Ulaya, walikoibatiza Yaris, ikatawazwa Gari la Mwaka 2000. Injini yake ni cc 997. Zitazameni hizo tatu zilizopungua! Kwetu ushuru wa bidhaa wa gari la abiria huanza kuuma injini ikivuka cc 1,000. Msidhani Mjapani alituonea huruma. Kwake nako kodi ya gari ya kila mwaka hupanda papo hapo. Alikuwa anajikwepea ya kwake, sisi tukaokota. Kuna na kodi ya uchakavu, inayomsubiri bandarini kila mzee wa kutoka ng'ambo, ndiyo maana wenye akili hununua gari lililokwisha kulipiwa na kuchakaa humu humu nchini, ambako uchakavu ni bure.

Kitabu chake kinasema ina nguvu za farasi 70. Hao ni farasi wa usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila inapopanda mita 1,000, na sisi wa Mbozi tuko mita 1,500 na ushei. Kwa hiyo farasi kumi hivi walishuka njiani, nadhani Kitonga, wakakataa kuendelea. Waliofika Ihanda ni sitini, na wote wana umri wa kustaafu.

Lakini wanakula kidogo! Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, na huku mpakani bei huwa juu kuliko Dar es Salaam kwa sababu mafuta nayo hulipa nauli ya kuja. Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, jirani yangu mwenye VX alianza kuiwasha Jumapili tu, dakika kumi, betri isife. Anasimama kando yake ikinguruma, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kumwona mfungwa. Mimi siku hiyo hiyo naingia sheli kifua mbele: "Nitilie ya elfu kumi." Kijana wa pampu hunitazama akisubiri nimalizie sentensi. Imekwisha. Lita moja hunivusha kilometa kumi na tano, kumi na saba nikiwa peke yangu na nimekisahau kiyoyozi, ambacho chenyewe kilinisahau zamani. Taa ya mafuta haijazimika tangu Machi. Naihesabu kama taa ya ukumbini. Na ikitokea matumizi yamepanda, msikimbilie kufungua injini kama fundi anavyotaka. Pima kwanza upepo wa tairi, kung'uta chujio la hewa, tazama plagi. Mara nyingi mchawi ni mmoja wa hao watatu, na fundi anajua.

Angalieni pia heshima inayonipunguzia. Katika kamati za harusi hakuna anayetamka jina langu inapofika ajenda ya gari la bibi harusi. Ndugu wa mbali hawanikopi. Sijawahi kupigwa tochi: penye kibao cha 50 mimi ni raia mwema kuliko wote, kilima kikinisaidia. Na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde inapokaa, inarudi nyuma mpaka Mpemba, wenye magari makubwa hushuka kununua mahindi ya kuchoma na kulaumu serikali mbili kwa mpigo, huku Vitz ikipenya kati ya lori na banda la chips kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Redio yake ni ya Kijapani na masafa yanaishia 90, kwa hiyo vituo vingi vyetu viko juu ya upeo wake. Hilo nalo ni pumziko. Badala ya redio tuna mwanamke. Kila nikiwasha gari husema sentensi moja kwa Kijapani, kwa sauti ya upole kama muuguzi wa zamu ya asubuhi. Nilikuja kujua maana yake: anasikitika kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Miaka ishirini hajapewa kadi na hajawahi kupaza sauti.

Nikirudi jioni hupakia majirani. Juni hii, baridi imekaza na kahawa inachumwa, tulikuwa watano, na debe la mahindi lililohesabika kama wa sita. Mbele alikaa bibi mmoja wa jirani, kitenge mabegani, kikapu mapajani. Nyuma, vijana watatu wa mpakani. Sasa, aliyechora Vitz ya mwanzo aliweka spidi katikati ya dashibodi, kwa tarakimu za kung'aa, mahali ambapo gari zima linasoma. Dereva wa Vitz hana siri. Tukaanza kilima.

"Sitini," akasoma kijana wa kati. "Hamsini na tano. Arobaini na nane."

"Nyamaza, unaichosha," mwenzake akamwambia.

"Thelathini na nne."

Nikazima taa za ndani ili kuisaidia. Haina maana kiufundi. Ni adabu tu. Lori la shaba likatupita, dereva akapiga honi fupi, ile ya kumsalimia mtu mzima njiani. Thelathini na moja. Kisha ikatetemeka, ikakohoa mara mbili, ikazimika katikati ya kilima. Kimya. Nikakaza breki ya mkono, nikahesabu mpaka kumi, nikageuza ufunguo. Ikakataa. Nikageuza tena. Ikawaka, na kabla injini haijatulia yule mwanamke akasema maneno yake, polepole, mpaka mwisho, bila kukatizwa na mtu.

Bibi akainamisha kichwa. "Amina," akasema. "Haya, twende mwanangu."