Perl Ikijibu Barua: Mambo Manane, Kuanzia Jepesi Hadi Zito

Larry Wall alisomea isimu kabla ya kuitoa Perl mwaka 1987, na lugha yake inaonyesha hivyo: inapenda maandishi. Barua pepe nayo, ukiivua mapambo yote, ni maandishi: mistari ya kichwa, mstari mtupu, kisha mwili. Wawili hawa wamependana tangu zamani. Request Tracker na OTRS, programu ambazo ofisi nyingi duniani zimezitumia kupokea maombi na malalamiko, zimeandikwa kwa Perl, na kazi yao ya kutwa ni kujibu barua.

Kuandika barua mpya kwa programu ni rahisi. Kujibu ndiko kwenye shughuli, maana jibu linaingia katika mazungumzo ambayo wenyewe wapo. Haya, tuhesabu kurudi nyuma, kutoka linaloudhi kidogo hadi linaloweza kuangusha seva.

8. Ile @ ina kazi mbili

Andika `my $kwa = "asha@example.com";` na Perl itaiona `@example`, idhani ni safu ya data, ianze kuitafuta. Kama umeweka `use strict`, programu inagoma kuanza, nawe ushukuru. Bila hiyo, barua inaelekezwa kwa `asha.com`, na Asha wa kweli anaendelea kusubiri. Ray Tomlinson aliichagua @ mwaka 1971 ili kutenganisha jina la mtu na kompyuta yake. Perl ilipokuja, alama ilikuwa na ajira tayari, ikaiongezea ya pili. Tumia alama moja moja za kunukuu, `'asha@example.com'`, na kesi imefungwa.

7. Re: moja inatosha

Umewahi kufungua barua ikasema "Re: Re: Re: Re: Kikao"? Hicho ni kigugumizi. Kanuni ya muundo wa barua pepe, RFC 5322 ya mwaka 2008, inataka "Re: " itokee mara moja tu. Kwa hiyo vua zilizopo zote kwanza, ndipo uweke yako:

`$mada =~ s/^(?:\s*re(?:\[\d+\])?:\s*)+//i;`
`$mada = "Re: $mada";`

Hicho kipande cha `\[\d+\]` kipo kwa sababu zipo programu zinazohesabu. Moduli ya Mail::Message, kwa mfano, ikijibu barua yenye "Re: Kikao" huandika "Re[2]: Kikao". Ni hesabu sahihi ambayo hakuna aliyeiomba. Wajerumani nao wana "AW:", na watu wa Skandinavia wana "SV:", ndiyo maana barua iliyozunguka Ulaya hurudi na mkia mrefu mbele. Ofisi zetu zina "YAH:", na kwenye karatasi inapendeza sana. Kwenye barua pepe iacheni Re: ifanye kazi, kwa sababu ndiyo inayojulikana na programu za pande zote.

6. Nukuu kidogo, mwenzangu

Hapa CPAN, ghala la moduli za Perl lililofunguliwa mwaka 1995, inakubeba mgongoni. Email::Reply ya Casey West inakuomba karibu mambo matatu tu: barua unayoijibu, anwani yako, na maneno yako.

`my $jibu = reply to => $barua, from => $mimi, body => $maneno;`

Inabaki kazi ya hukumu. Kila mstari wa mwenzako huwekewa `> ` mbele, na akinukuliwa aliyenukuliwa unapata `>> `. Kabla ya kunukuu, kata sahihi. Kwa desturi sahihi hutanguliwa na mstari wa vistari viwili na nafasi moja, `-- `, na ile nafasi ya mwisho ni sehemu ya alama. Programu nyingi za kuhariri maandishi huifuta zikidhani ni uchafu, kisha sahihi inanaswa ndani ya mwili na kurudishwa kwa mwenyewe, na namba ya simu, na cheo, na methali aliyoiweka chini ya cheo. Mtu anajua jina lake, usimrudishie.

Chunga na upana. Kanuni inashauri mstari usizidi herufi 78, na inakataza kabisa kuzidi 998. Kila `> ` unayoongeza inakula nafasi mbili, basi panga mistari upya baada ya kunukuu.

5. Ng'ombe wa Unicode

Waswahili tuna bahati: alfabeti yetu haina herufi zenye alama za ziada. Barua ya Kiswahili safi inapita kwenye mfumo wowote wa tangu enzi za ASCII bila kukwaruzika. Ila tuna ng', na hapo ndipo ng'ombe anapovunja zizi.

Simu na programu za kuandikia hupenda kubadilisha kile kikoma cha juu kilichonyooka kuwa kilichopinda, ’, ambacho kiko nje ya ASCII. Kwa UTF-8 kinakaa baiti tatu: E2, 80, 99. Programu yako ikizisoma kana kwamba kila baiti ni herufi, mfugaji aliyeuliza bei ya ng’ombe anajibiwa kuhusu "ngâ€™ombe". Kwa Kiswahili gani?

Tiba ni kuiachia kazi moduli ya Email::MIME. Soma kwa `body_str`, andika kwa `header_str` na `body_str`, taja `charset => 'UTF-8'` na `encoding => 'quoted-printable'`, na usichanganye baiti na herufi katikati ya safari. Mada nayo itafungwa yenyewe kuwa `=?UTF-8?B?TmfigJlvbWJl?=`, sura ya kutisha ambayo msomaji haioni kamwe.

Na kile kilichonyooka je? Nacho kina vituko vyake. Katika Perl, alama ' ilikuwa kitenganishi cha majina ya vifurushi zamani, na mazoea hayajaisha. Ukiandika `"Bei ya $ng'ombe"` ndani ya kiolezo cha jibu, Perl inatafuta kigeu `ombe` katika kifurushi `ng`. Strict inanyamaza, kwa kuwa jina limetajwa kwa ukamilifu wake. Mteja anapata "Bei ya " na ukimya. Kigeu kiite `$mfugo`, mambo yaishe.

4. Chagua sehemu ya kunukuu

Barua nyingi za leo zina mwili zaidi ya mmoja: wa maandishi matupu, wa HTML, na viambatisho. Pita sehemu zote kwa `walk_parts`, chukua iliyoandikwa `text/plain`, achana na nyingine. Ukinukuu kila kitu kwa pupa, mteja atarudishiwa nembo ya kampuni yake katika base64, mistari mia na kitu, kila mmoja na `>` yake kichwani.

3. Unamjibu nani hasa?

Kama ipo `Reply-To`, huyo ndiye. Kama haipo, ni `From`. Kujibu wote ni uamuzi wa makusudi, na Email::Reply inakutaka uutamke kwa `all => 1`. Mail::Message kwa chaguo-msingi huwajumuisha wa Cc, hivyo soma maelezo yake kabla jibu la mshahara halijaenda idara nzima. Jitoe na wewe kwenye orodha; programu inayojiandikia nakala inajitafutia mazungumzo marefu.

Kisha kuna wajanja. Mada unayoinakili kutoka barua iliyoingia, au jina lililojazwa kwenye fomu ya tovuti, linaweza kuficha alama ya mstari mpya, na baada yake `Bcc:` yenye anwani mia tano. Ukiipokea bila kuichuja, seva yako imeajiriwa na wasambaza barua taka bila mkataba. `s/[\r\n]+/ /g` kwa kila kinachoingia kwenye kichwa. Kila kinachoingia, hata kile unachokiamini.

2. Uzi usikatike

Hili ndilo ninalolipigania. Jibu lisilosema linajibu nini ni kama mtu anayefika barazani, anasema "Ndiyo, saa nne", kisha anaondoka. Ndiyo nini?

Kila barua ina `Message-ID` yake. Jibu lako linapaswa kuiweka ID hiyo kwenye `In-Reply-To`, kisha kwenye `References` uandike `References` zote za barua mama na ID yake mwishoni. Mama hana `References` lakini ana `In-Reply-To` yenye ID moja? Tumia hiyo badala yake. Hana chochote? Usibuni. Jamie Zawinski alipounda utaratibu wa kupanga nyuzi kwa ajili ya Netscape Mail, aliutegemeza kwenye mistari hii, na Simon Cozens akauleta kwa Perl katika moduli ya Mail::Thread. Mada inayofanana ni msaada tu. Watu wangapi wameandika barua yenye mada "Habari"?

Wanaoandika majibu kwa mkono katika Perl, kwa kuunganisha mistari na `print`, hili ndilo wanalolisahau, maana barua inafika, inasomeka, na kwao inaonekana nzima. Anayeumia ni mpokeaji mwenye barua mia tatu, anayetafuta jibu la swali lake likiwa peke yake chini kabisa ya orodha. Mistari miwili ingemwokoa.

Nenda hatua moja zaidi: jitengenezee `Message-ID` kwa Email::MessageID, uihifadhi kando ya namba ya ombi. Mteja akijibu, `In-Reply-To` yake inakupeleka kwenye faili lake moja kwa moja. Request Tracker, iliyoanzishwa na Jesse Vincent mwaka 1996, huweka pia namba ya tiketi ndani ya mabano kwenye mada, na ni busara: ID ikipotea njiani, namba inabaki.

1. Jua kunyamaza

Programu yako inajibu: "Tumepokea barua yako." Upande wa pili mtu yuko likizo, na programu yake inajibu: "Sipo ofisini." Yako: "Tumepokea barua yako." Yake: "Sipo ofisini." Kompyuta mbili zilizofunzwa kuitikia kila salamu hazilali, na asubuhi visanduku vyote viwili vimefurika.

Eric Allman, aliyeandika sendmail, aliliona hili mapema katika programu yake ya vacation huko Berkeley: inamkumbuka kila iliyemjibu, na kwa kawaida haimjibu tena kabla wiki haijapita. Mwaka 2004 RFC 3834 ya Keith Moore ikayaweka mambo kwenye maandishi. Barua ikiwa na `Auto-Submitted` yenye thamani yoyote isipokuwa `no`, nyamaza. `Return-Path` ikiwa tupu, `<>`, nyamaza. Ikitoka kwa MAILER-DAEMON, au ikiwa na `List-Id`, nyamaza. Ukijibu, weka `Auto-Submitted: auto-replied`, na anwani ya mtumaji kwenye bahasha iwe tupu, ili jibu likishindwa kufika taarifa ya kushindwa isikurudie ukaijibu.

Kumbuka pia kwamba wa barua taka hughushi mtumaji. Ukijibu takataka, unayemsumbua ni mtu asiye na hatia ambaye jina lake limeibwa. Kwa hiyo chujio la taka litangulie, jibu lifuate.

Kisha ijaribu. Weka `EMAIL_SENDER_TRANSPORT=Test`, na Email::Sender itazipokea barua zote bila kutoa hata moja nje. Chukua jibu ambalo programu yako imelitoa, uirudishie kana kwamba limetoka kwa mteja. Ikilijibu, hata mara moja, usiiwashe.