Kwa Waheshimiwa wa Chama cha Conservative, Kuhusu Mnada

Kwa Uongozi wa Chama cha Conservative,
London.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Afrika Mashariki, walikotoka wazazi wa baadhi ya vigogo wenu wa miaka ya karibuni. Waziri mkuu wenu wa mwisho, Rishi Sunak, ni mtoto wa baba aliyezaliwa Nairobi na mama aliyezaliwa Tanganyika. Priti Patel, aliyekwenda Kigali Aprili 2022 kutia saini makubaliano ya kuwahamishia Rwanda waomba hifadhi, ni binti wa wazazi waliotoka Uganda. Suella Braverman, aliyeirithi wizara yake na kutamka hadharani kwamba ndoto yake ni kuona ndege ikipaa kuelekea Rwanda, baba yake alitoka Kenya. Sijui chama kingine nje ya bara hili kilichowapandisha watoto wa Afrika Mashariki juu kiasi hicho, kisha kikawatuma warudi huku kutafuta mahali pa kuwapeleka wageni wenzao. Mheshimiwa Patel alipoulizwa mwaka 2020 kama wazazi wake wangeruhusiwa kuingia chini ya kanuni alizokuwa akizitunga, alikiri kwamba huenda wasingeruhusiwa. Ukweli wa namna hiyo ni nadra kwenye siasa, na ndio unaonipa ujasiri wa kuwaandikia.

Jambo lenyewe ni hili: kwa zaidi ya miaka kumi mmekuwa mnadani mkishindana na mnunuzi asiyelipa. Nigel Farage anataja bei, nanyi mnaongeza juu yake. Nyundo ikigongwa, bili inaletwa kwenu, kwa sababu nyinyi ndio mliokuwa na serikali na hazina, nyinyi ndio wa kuulizwa. Yeye wakati huo ameshahamia bidhaa nyingine. Januari 2013 waziri mkuu wenu David Cameron aliahidi kura ya maoni kuhusu Umoja wa Ulaya ili kuwatuliza wabunge wake waliokuwa wakinung'unika na kukikausha chama cha Farage, UKIP. UKIP hakikukauka. Mwaka uliofuata kilishika nafasi ya kwanza katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, na wabunge wenu wawili, Douglas Carswell na Mark Reckless, wakahamia huko. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 ya wapiga kura walichagua kujitoa, na Cameron akafungasha. Akaja Theresa May na mkataba wa kujitoa. Januari 2019 Bunge likaukataa kwa kura 432 dhidi ya 202, na wabunge 118 kati ya walioukataa walikuwa wa chama chake mwenyewe. Miezi minne baadaye, kwenye uchaguzi wa Ulaya, chama kipya cha Farage kiliongoza. Nyinyi, chama tawala, mkawa wa tano, chini ya asilimia 10.

Mtu aliyeungua kiasi hicho angetarajiwa kuuchunguza moto. Nyinyi mlichunguza nani katika familia hana moto wa kutosha. Septemba 2019 mrithi wa May, Boris Johnson, aliwafukuza wabunge 21 kutoka kundi la chama bungeni kwa kosa la kutotaka nchi itoke Ulaya bila makubaliano. Mmoja alikuwa Ken Clarke, aliyekaa bungeni tangu 1970 na kuwa waziri wa fedha. Mwingine alikuwa Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill. Chama kinachomtundika babu ukutani kikamtoa mjukuu mlangoni, ingawa baadaye mlimrudisha kimyakimya. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu, majaji wote 11 kwa kauli moja, iliamua kwamba kulisimamisha Bunge kama mlivyofanya ni kinyume cha sheria. Kwa miongo mingi wajumbe kutoka London wamekuwa wakija huku kutufundisha demokrasia ndani ya vyama na heshima kwa mahakama. Tuliandika madaftari. Tukihitaji kuyarudisha, tuyatume kwa anwani gani?

Najua jibu lenu, maana mmelirudia mara nyingi: Desemba 2019. Mlipata viti 365, ushindi wenu mnono kuliko wote tangu enzi za Margaret Thatcher, na mliupata kwa kusema lugha ya Farage kumshinda Farage. Ni hoja yenye uzito, kwa hiyo tuifungue. Kwanza, Farage mwenyewe aliondoa wagombea wake katika majimbo 317 yaliyokuwa yenu. Mshindani aliyewapisha hamkumshinda, anawadai. Pili, ushindi ule uliwaweka kwenye daftari moja wapiga kura wasiokubaliana kuhusu jambo lolote isipokuwa Brexit. Mtu wa Workington au Bishop Auckland, kwenye miji ya kaskazini iliyokuwa ngome ya Labour, aliwapigia kura akitaka serikali ijenge hospitali na reli. Tajiri wa vijiji vya kusini aliwapigia kura akitaka serikali ipungue na kodi ishuke. Brexit ilipokamilika Januari 2020, kilichowaunganisha kilikwisha, na ikabidi mchague. Hamkuchagua. Mwaka 2022 wanachama wapatao 81,000 walimteua Liz Truss kuiongoza nchi ya watu milioni 67. Akatangaza kukata kodi kwa fedha za mkopo, pauni ikaporomoka, naye akadumu wiki saba. Watu husema Truss ndiye aliyewaangusha. Kwa maoni yangu alifanya kosa la kuwa wazi tu: alitekeleza matakwa ya upande mmoja wa chama mbele ya upande wa pili, na nchi nzima ikaona kwamba pande hizo hazijawahi kuwa chama kimoja.

Jibu lenu la pili ni kwamba hofu ya wananchi kuhusu uhamiaji ni ya kweli, na anayeibeza anawadharau wapiga kura. Nakubali bila kusita. Ndiyo maana nashangaa mlivyoibeza nyinyi. Mwaka 2010 mliahidi kuishusha idadi ya wahamiaji, ukitoa wanaoondoka, hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Baada ya Brexit, mipaka ikiwa mikononi mwenu bila Brussels kuwashika mkono, idadi hiyo ilipanda hadi kupita 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023. Hawakuvamia. Mliwapa viza, kwa sababu nyumba za kulelea wazee hazikuwa na wahudumu na vyuo vikuu vilihitaji ada za wanafunzi wa kigeni, na kila viza ilikuwa na sababu ambayo waziri angeweza kuisimamia kwa uso mkavu. Kilichowashinda ni kumwambia mpiga kura wazi: tukipunguza wageni, mshahara wa anayemwogesha mama yako lazima upande, na kodi yako pia. Badala yake mkamwonyesha mashua. Waliovuka Mlango wa Bahari wa Uingereza kwa mashua ndogo mwaka 2022, mwaka uliovunja rekodi, walikuwa zaidi kidogo ya 45,000. Kelele zote zikaelekezwa kwao. Kuhusu mamia ya maelfu wengine mkanyamaza. Farage hakuhitaji kufanya kazi. Alisubiri takwimu za serikali yenu zitoke, akazisoma kwa sauti.

Hapo ndipo Rwanda inapoingia, na sisi majirani tunalifuatilia suala hili kwa karibu. Ndege ya kwanza ilizuiwa Juni 2022. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema mpango si halali, kwa kuwa waomba hifadhi wangeweza kurudishwa kutoka Rwanda hadi kule walikokimbia. Aprili 2024 mkapitisha sheria ya kutangaza kwamba Rwanda ni nchi salama. Mabunge yetu yamepitisha mengi, waheshimiwa, lakini hata wasemaji wetu hodari hawajawahi kufikiria kubatilisha ushahidi kwa kupiga kura. Kwa hesabu zilizotolewa na serikali iliyowafuata, mpango ulishameza pauni milioni 700, na waliokwenda Kigali walikuwa watu wanne, tena kwa hiari yao. La ajabu ni kwamba hata hilo halikuwatosha watu wenu. Robert Jenrick, waziri wa uhamiaji, alijiuzulu Desemba 2023 akidai muswada wa sheria hiyo ulikuwa laini mno, huku wabunge wa mrengo wa wastani wakionya kwamba ukikazwa zaidi hawataunga mkono. Sera ambayo haikumhamisha mtu yeyote kwa nguvu ilifaulu kukipasua chama kizima.

Mwenye kumbukumbu ndefu kati yenu ataniambia kwamba kuiga kuliwahi kulipa. Mwaka 1978 Thatcher alizungumza kwenye televisheni kuhusu hofu ya watu kumezwa na utamaduni mwingine, na mwaka uliofuata chama cha siasa kali cha National Front kikaporomoka. Ni kweli. Lakini Thatcher alikuwa na bidhaa yake: mfumuko wa bei, vyama vya wafanyakazi, mashirika ya umma. Unaweza kumchukia kwa kila kimoja, ila huwezi kusema aliazima kwa mtu wa pembeni. Nanyi mnao mfano mwingine msioupenda, Edward Heath, kiongozi wenu kabla ya Thatcher. Aprili 1968 mwenzake Enoch Powell alipotoa hotuba yake ya Birmingham dhidi ya wahamiaji, Heath alimwondoa mara moja kwenye baraza kivuli la mawaziri. Barua za kumtetea Powell zilimiminika, na bado Heath alishinda uchaguzi wa 1970. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Heath huyohuyo aliwapokea wapatao 28,000. Ni kweli pia kwamba Powell alilipiza Februari 1974 kwa kuwataka watu wapigie Labour, na Heath akaanguka. Lakini alianguka katikati ya mgomo wa wachimba makaa na wiki ya kazi ya siku tatu, akiwa na kura nyingi kuliko Labour na viti vichache. Miaka mitano baadaye chama kilirudi madarakani kikakaa miaka 18. Kusema hapana hakukukiua.

Julai 2024 mlibaki na viti 121 na asilimia 23.7 ya kura, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yenu, huku Reform UK ya Farage ikipata zaidi ya kura milioni nne. Naibu mwenyekiti wenu wa zamani, Lee Anderson, alikuwa ameshahamia huko. Jirani zenu Wafaransa wa Les Républicains walikuwa wamewatangulia kwa mwezi mmoja: mwenyekiti wao, Éric Ciotti, alitangaza muungano na chama cha Marine Le Pen, akafunga milango ya makao makuu, na wenzake wakaamua kumfukuza. Nyinyi angalau funguo bado mnazo.

Septemba 2025 mbunge wenu Danny Kruger alihamia Reform akisema chama chenu kimekwisha. Mwezi uliofuata kiongozi wenu, Kemi Badenoch, akatangaza kwamba mkirudi madarakani mtaitoa nchi kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, jambo ambalo Farage alikuwa akilidai siku zote. Mkataba huo uliandikwa kwa mchango mkubwa wa mwanasheria wa chama chenu, David Maxwell Fyfe, na Churchill aliuunga mkono. Mmepandisha dau baada ya Kruger kuondoka, kwa mali mliyoitengeneza wenyewe. Tungependa kujua, mkipata nafasi ya kutujibu: baada ya mkataba huo, kwenye ghala la chama kimebaki nini ambacho Farage hajakitajia bei?

Wasalaam.