Msimbo Hauonjwi

Safari ya kwanza ya mama kwenda Muscat, laini yake ilifia kwenye mashine ya kufulia. Tulikuwa tumeichomoa kwa pini ya ushungi, akaifunga pindoni mwa kanga, akatia laini ya Oman. Dada yangu, kwa wema wake, akaifua kanga. Kadi yenyewe haifiki milimita 13 kwa 9, nani angeiona?

Kumbe kwenye akaunti ya laini hiyo ndimo zilimokuwa fedha zake za karafuu. Kuirudisha laini kulitaka kidole chake, kwani tangu 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole. Kidole kilikuwa Muscat, mashine ya vidole iko hapa kwetu Wete. Fedha zikakaa kifungoni mpaka aliporudi.

Safari ya pili nikaapa: hakichomolewi kitu. Mama atatumia eSIM.

"Isimu?" akauliza ami, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kutoka barazani. "Mama yako na sarufi wapi na wapi?"

Nikawaeleza kwamba kadi yake imo tayari ndani ya simu tangu kiwandani. Kampuni hupeleka taarifa za laini kwa intaneti, na laini ya nyumbani inabaki mahali pake.

"Kwa hiyo nanunua kitu nisichokishika," mama akasema. "Hiyo si hewa, mwanangu?"

Tukabonyeza *#06# kwenye simu yake. Pamoja na IMEI ikatoka EID, namba ya tarakimu 32, ishara kwamba simu inapokea eSIM. Nikanunua, na msimbo wa QR ukatumwa kwenye simu ya mama. Hapo tukakwama: simu haiwezi kujipiga picha usoni pake. Mdogo wangu akaleta kioo cha kabati. Mama akajitazama, akatengeneza ushungi, msimbo haukusomeka.

Nikaenda kuuchapisha dukani. Njiani nikajiambia, mpishi huonja kabla ya kupakua. Nikaisogeza simu yangu juu ya ile karatasi, nikabonyeza "kubali". Laini ya Oman ikaingia, ikatulia. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikaisogeza simu ya mama: msimbo umeshatumika!

Kwa kawaida msimbo huo hutumika mara moja tu, kama tiketi ya boti iliyokwisha kuchanwa. Ami akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Nomino hiyo ina umoja tu, haina wingi."

Nikanunua mwingine kwa fedha zangu. Usiku, kwa WiFi ya jirani, tukauweka katika simu ya mama mwenyewe. Laini ya nyumbani tukaiacha ndani ipokee ujumbe wa fedha, ila tukaizimia data asije akakatwa gharama za ugenini.

Asubuhi akaondoka uwanja wa Chake Chake. Usiku akapiga kutoka Muscat, sauti safi kama yuko jikoni. "Nimefika, mwanangu. Ile hewa yako inafanya kazi. Pini nimekuja nayo, lakini."

Ile laini ya kwanza ililala simuni mwangu hapa Wete mpaka siku zake zikaisha, haikushika mnara hata mmoja. Basi nawe ukimwandalia mzee wako safari, weka eSIM kabla hajatoka nyumbani, kwenye simu atakayosafiri nayo. Mchuzi onja, msimbo usiuonje.