Nimeolewa Marangu

Mwanamume wa Mombasa akistaafu ana kazi mbili: kukaa barazani na kuwasema vijana. Nilikuwa nimejiandaa kwa zote. Miaka ya kugonga mihuri kwenye hati za makontena iliniachia kiuno kibovu, malalamiko ya kunitosha hadi kaburini, na nafasi yangu barazani, upande ambao jua la alasiri halifiki. Sikuwa nadai kingine duniani.

Kisha mama mkwe akateleza kwenye matope huko Marangu, akavunjika mkono.

Mama mkwe ni bibi wa zaidi ya miaka themanini. Alikuwa akiishi peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo la marehemu mumewe, mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, pamoja na ng'ombe wawili na migomba isiyohesabika. Ana wana wanne wa kiume. Wote ni watu wenye akili na vyeo, na kwa sababu hiyo wote wako Dar es Salaam. Kikao cha familia kikafanyika kwa simu. Mimi nilikuwa sebuleni Mombasa, nasikia upande mmoja tu: mke wangu anaitikia, ananyamaza, anaitikia tena, kisha anasema, "Huyu? Huyu hana kazi yoyote sasa." Nikajua nimeshahama nchi.

Wenzangu wa barazani walipopata habari waliniombea dua ya bibi harusi. Mmoja akataka kujua wakwe wamelipa mahari kiasi gani. Mwingine, mzee mwenye wake wawili na uzoefu unaolingana nao, akaniusia nisije nikajibizana na mawifi. Wa kwanza nilimcheka. Huyu wa pili ningemsikiliza.

Serikali nayo haikuninyooshea mambo. Mpaka wa Taveta na Holili siku hizi taratibu za nchi zote mbili humalizwa mahali pamoja, na kwa mtu aliyeishi kwa mihuri ilikuwa raha kutazama. Taabu ilianza nilipokwenda kuomba kibali cha kukaa. Afisa, kijana mpole, aliniuliza nakuja kufanya kazi gani. Sina kazi. Biashara? Sina. Uwekezaji? Nikamwambia nina chupa mbili za achari ya maembe. Akatafakari, akaandika kwamba mimi ni mtegemezi wa mke wangu. Ardhi siwezi kumiliki, maana mimi si raia. Uraia kwa njia ya ndoa nao siupati: sheria ya Tanzania imempa njia hiyo mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania, ila mwanamume aliyemwoa Mtanzania haikumkumbuka. Nadhani walioitunga hawakuwaza kwamba yupo mwanamume atakayekuja na begi lake kukaa kwa mkewe.

Wachagga nao hawakuwaza. Kihamba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Makaburi ya wazee yamo humo humo, kati ya migomba na mibuni. Kila kitu kina mahali pake, isipokuwa mkwe.

Baridi sitaisema sana, kwa kuwa nimekatazwa. Nitasema tu kwamba mwezi wa saba ukungu huingia ndani bila kubisha hodi, kwamba kikoi ni vazi lisilo na maana yoyote juu ya mita elfu moja na mia nne, na kwamba mke wangu, tuliyelala naye chini ya feni zaidi ya miaka thelathini, hufungua dirisha usiku na kusema, "Hewa hii!"

Baridi hiyo ndiyo iliyovuruga adabu yangu. Nilivyolelewa, mama mkwe hapitwi kifua kwa kifua, wala huli mbele yake ukitafuna kwa sauti. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, na njia inapita mlangoni pake. Tukaelewana bila kusemezana: nikitaka kupita nakohoa, naye kama yuko nje anakohoa, nami nasubiri. Mpango ulikwenda vizuri mpaka Juni. Julai nyumba nzima ilikuwa inakohoa usiku na mchana, na hakuna aliyejua tena nani anapita na nani anaumwa. Kuna asubuhi tulikutana uso kwa uso mlangoni mwa choo, mimi na taulo, yeye na kopo. Hatujalizungumza.

Nilikuwa nimekuja na dele langu la shaba, vikombe vidogo na nia njema. Kilimanjaro ni nchi ya kahawa: wakulima wake walikuwa na chama chao tangu 1925, na ushirika wao, KNCU, ulianza 1933, kabla hata sijafikiriwa kuzaliwa. Nikawaza, hapa nitafungua baraza, na kahawa iko mlangoni. Kumbe kahawa ya Marangu inanywewa Ulaya. Marangu yenyewe inakunywa chai ya maziwa. Wageni wangu wa kwanza waliitazama kahawa chungu kwenye kikombe cha kidole kimoja, wakauliza kama ni dawa. Mmoja aliomba kikombe kikubwa, maziwa na sukari vijiko vinne. Nilimpa, lakini iliniuma.

Hawakurudi, wala sikushangaa, maana huku hakuna mwenye muda wa kukaa. Nilikuwa naketi kibarazani tangu saa nne asubuhi, na kila aliyepita njiani alikuwa na mzigo: majani ya ng'ombe kichwani, mkungu wa ndizi begani, jembe, dumu, mtoto. Walinisalimu kwa heshima, wakanitazama kidogo, wakaenda zao. Siku chache baadaye jirani mmoja akaleta sufuria lililofunikwa kwa jani la mgomba. Mtori. Kesho yake akaja mwingine na wake, kisha wa tatu. Ndizi mshare zimepondwa na nyama mpaka zimelainika, uzito wake wa kushika kijiko kisimame. Nikala, nikasema "aika", nikampigia simu rafiki yangu wa barazani kumsimulia ukarimu wa watu hawa.

Mama mkwe ndiye aliyetaka kujua, kwa kumtuma binti yake, watu waambiwe nini, kwani kijiji kizima kinauliza naumwa nini. Mtu mzima anayekaa kwenye kiti saa nne asubuhi, mikono mitupu, siku baada ya siku, ama ni mgonjwa ama amejifungua. Na mtori, nikafahamishwa, ndicho chakula cha mzazi.

Niliomba nipewe siku mbili za kufikiri. Kulikuwa na sufuria lililokuwa bado halijafika.

Baada ya hapo nikakabidhiwa ng'ombe. Ng'ombe wa huku hawaendi malishoni. Wanakaa bandani, na malisho ndiyo yanayowaendea. Mtu anakata majani, anachanja migomba, anazoa samadi, anakamua. Sehemu kubwa ya shughuli hiyo, kwa desturi, ni ya wanawake, kwa hiyo walimu wangu wote walikuwa wanawake, na darasa lilikuwa njiani, mbele ya watu. Kujitwika mzigo wa majani kichwani nilishindwa. Nikanunua toroli, na watoto wa shule wakawa wananisindikiza. Nilipomlalamikia mke wangu, hakuacha kumenya ndizi. "Mimi nilijifunza kukuna nazi mbele ya mama yako na dada zako watano," akasema. "Wewe umepewa ng'ombe, asiyesema neno."

Hoja hiyo sijaijibu mpaka leo.

Kuhusu umri wangu, hawana huruma. Ukisema una miaka sitini na moja wanakwambia kijana, utazoea. Wana ushahidi wao. Yohani Kinyala Lauwo alikuwa mtu wa hapa hapa Marangu. Wenyeji humtaja kuwa miongoni mwa waliomwongoza Mjerumani Hans Meyer kwenda kileleni mwaka 1889, naye alifariki 1996. Nilikaa na kalamu. Hata ukisema alipanda akiwa kijana wa miaka kumi na tano, huyo mzee aliondoka duniani na miaka zaidi ya mia na ishirini. Mambo haya wengine wanayasikia kwa furaha. Mimi niliwaza mafao yangu, ambayo yamepigiwa hesabu ya mtu wa Mombasa anayekula viazi karai na kufa kwa wakati.

Ndugu wa Mombasa wakipiga simu huuliza jambo moja tu: umeshapanda mlima? Kilele cha Kibo kina mita 5,895 na lango la watalii liko mwendo mfupi juu yetu. Nawajibu kwamba naupanda kila siku, kutoka bandani hadi jikoni, nikiwa na ndoo.

Lakini kilichonitangaza kijijini si ng'ombe, wala si mtori. Ni jani.

Kihamba chetu hupata maji kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani kuyaleta maji kutoka kwenye vijito vya mlimani. Kila nyumba ina zamu yake, na zamu ya maji huku ni jambo zito kuliko zamu ya urithi. Asubuhi moja ya zamu yetu maji yalikuja kidogo, yakijikongoja. Mimi nimekulia mji ambao maji hufika kwa mkokoteni na madumu, kwa hiyo nikaona Mungu ametujalia. Mke wangu akatazama mara moja, akajua jirani wa juu amechepusha. Mazungumzo yakafanyika kupitia migomba, kwa Kichagga, kwa muda mrefu. Niliambulia neno "Mombasa" tu, lilirudiwa pande zote mbili.

Siku nyingine jioni jirani akaja. Mke wangu alikuwa amempeleka mama yake hospitali kuangaliwa mkono, nikawa mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Alikuwa ameshika jani moja refu la kijani, kwa mikono miwili. Akanipa. Nikapokea, nikamshukuru. Akasubiri. Nami nikasubiri. Nikamkaribisha kahawa, akasema amekwisha kunywa chai. Akaondoka akigeuka nyuma. Jani lilikuwa zuri, na ng'ombe alikuwa ananitazama.

"Nani kaja?" mke wangu akauliza aliporudi.

"Jirani wa juu."

"Kaja na nini?"

"Jani."

"Liko wapi?"

Tukamtazama ng'ombe, ambaye alikuwa ameshaanza kulicheua.

Lilikuwa isale. Masale hupandwa mipakani na makaburini, na mtu akikuletea jani lake amekuja kuomba radhi. Kumkatalia ni jambo ambalo watu hawalifanyi kirahisi. Kumlisha ng'ombe hakukuwa na mfano. Wazee wakaitwa. Wazee wakiitwa inabidi iwepo mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, na mwenye nyumba ndiye huionja kwanza mbele ya wageni ili waone ni salama. Mwenye nyumba akawa mimi, Mwislamu. Kikao kikasimama kabla hakijaanza. Hatimaye mama mkwe, kwa mkono wake mzima, akaichukua kata akaonja kwa niaba yangu, na kwa kuwa ana roho ya kusaidia aliendelea kuonja kwa muda. Uamuzi ulitolewa usiku: jani lilipokewa ndani ya boma, na mmoja wa watu wa boma hilo, na halikutemwa. Radhi imepita. Ng'ombe huyo sasa anaheshimika.

Desemba mlima wote hurudi nyumbani. Magari ya Dar es Salaam hujipanga mpaka kwenye migomba kwa ajili ya Krismasi, na nyumba iliyokuwa na watu watatu ikawa na watu ishirini na kitu. Mashemeji wanne wakaja na wake zao wanne, na hapo nikaukumbuka ule wosia wa barazani. Walikagua jiko. Walikagua banda. Walisema, "Kumbe hata kukamua unajua!" kwa sauti ambayo sikuipenda, kisha wakaenda kulala, wakaniachia ng'ombe.

Mbuzi akanunuliwa. "Shemeji, chinja wewe," wakasema, "ili sote tule." Ni uungwana wa kawaida Tanzania, Mwislamu akiwepo apewe kisu, nami sikuwa na la kupinga, ila kwamba kabla ya siku hiyo nilikuwa sijachinja mnyama mkubwa kuliko kuku. Mbuzi alilijua hilo kabla ya mashemeji. Alinitazama, akakitazama kisu kilivyokuwa kinatikisika, akakata kamba. Alivuka mfongo, akaruka masale ya mpakani, akaingia kwenye maharage ya jirani wa juu. Jirani akamrudisha mwenyewe, amemshika pembe, mkono wa pili ameunyoosha kwangu, kiganja wazi, akiniuliza jani langu liko wapi.

Nilichinja. Mashemeji wawili walishika miguu ya mbuzi na mmoja alinishika mimi mkono.

Halafu ikaja kugawa nyama. Huku nyama haikatwi ovyo. Kila mtu ana fungu lake kwa nafasi yake katika ukoo, na wazee wanayajua mafungu hayo kwa moyo. Walifika kwangu wakasimama. Mkwe ana fungu lake, lakini mkwe hupewa akiwa mgeni, aondoke nalo kwenda kwao. Huyu haondoki. Basi ni nani? Mmoja akasema anakata majani. Mwingine akasema anakamua. Wa tatu akakumbusha habari za mtori. Wakabishana mpaka mafuta ya supu yakaanza kuganda, kisha wakanipa fungu la mkwe na, juu yake, fungu la wanawake wa boma.

Nilikula yote mawili.