Hii Sasa Ni Nini, Mwalimu? Kauli Tisa za Darasa la Rangi Mpakani

Tangaza Burumba au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwamba Jumamosi kuna darasa la kuchora, bure, njoo na shati kuukuu, na watu watafika. Watafika wakitarajia mambo mawili: kufundishwa kuchora twiga na kufundishwa kuchora Rais. Kisha wewe, mwalimu usiyesikia ushauri, unawaambia kuwa leo hatuchori kitu chochote kinachotambulika. Leo ni sanaa dhahania. Kimya. Mtu mmoja anaangalia saa. Baada ya hapo kauli zinaanza, na kwa kuwa ni zile zile kila msimu, tuzihesabu kurudi nyuma, nyepesi kwanza, nzito mwisho.

9. "Lakini hatuna rangi za wasanii."

Wala hatuzihitaji. Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Busia, uliza rangi nyeupe ya maji, kopo dogo la nyekundu, kopo dogo la buluu na brashi ya inchi mbili. Muuzaji atakuuliza unapaka nyumba ya vyumba vingapi. Mwambie nusu chumba. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 na vipande vya ubao wa dari na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Jackson Pollock wa Marekani, yule aliyetandaza kitambaa sakafuni na kukidondoshea rangi, naye alitumia rangi ya nyumba. Kitambaa tutapata wapi? Ndugu yangu, tuko Malaba. Kila kinachopita hapa kimefunikwa turubai. Tafuta kipande cha turubai la pamba lililochoka, ukifue, ukianike, ukipake nyeupe mara mbili. La plastiki achana nalo, rangi hubanduka kabla hujamaliza kujisifu.

8. "Hata mtoto wangu angechora hii."

Mlete Jumamosi ijayo. Tuna upungufu wa walimu.

7. "Sasa nichore nini?"

Chora mlio. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na halitaki kitu ila karatasi, kipande cha mkaa na mlango ulio wazi. Foleni ya malori iko pale pale nje. Trela linashusha pumzi ya breki. Boda inapiga honi tatu za haraka. Utingo anagonga ubavu wa lori kwa kiganja, na kwa mbali kuna mtu anatangaza mayai ya kuchemsha. Dakika kumi, kila mlio upewe alama yake.

Mara ya kwanza nusu ya darasa itachora lori. Lori zuri tu, lina hadi vioo vya pembeni. Usikasirike, sema tena kwa upole: nimeomba mlio, lori tunalo nje. Ndipo mikono inapoanza kulegea. Breki inakuwa mstari mpana unaofifia kuelekea ukingo wa karatasi. Honi zinakuwa nukta tatu zilizokandamizwa mpaka mkaa ukavunjika. Muuza mayai anakuwa uzi mwembamba unaopanda na kushuka juu ya yote hayo, kwa sababu sauti yake, ukisikiliza vizuri, haikatiki. Wassily Kandinsky, Mrusi aliyekuwa akiwaza muziki anapochora, alikuwa na okestra. Sisi tuna trela za kwenda Kampala, Kigali na Juba, na hatulipi kiingilio.

6. "Waganda wanatushinda kwa haya mambo."

Walitangulia, tukubali yaishe. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930, na shule ya sanaa ya chuo hicho ina jina lake hadi leo. Lakini kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia kilizinduliwa mwaka 2018 ili msafiri amalize shughuli za nchi mbili mahali pamoja, kwa hiyo wivu wako hauna foleni tena. Vuka, ujifunze, urudi. Ukirudi njoo na kipande cha kitambaa cha gome la mti wa mutuba, sanaa ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Rangi yake ya udongo mwekundu tayari ni nusu ya picha. Ila uliza kabla ya kukimwagia buluu yako: kwa Waganda kitambaa hicho kilivaliwa na wafalme na hufungiwa maiti, na kuna mzee atakayeona umekosa adabu. Msikilize.

5. "Picha hii inamaanisha nini?"

Kauli hii hutoka safu ya mbele, kwa mama aliyevaa kitenge. Mungu ni mwema kwa walimu.

"Mama, na kitenge chako kinamaanisha nini?"

"Hiki? Hiki ni kizuri tu."

"Sokoni vilikuwa vingi. Ulichaguaje?"

"Kile kingine kilikuwa na maua, kimepoa. Hii manjano ilikuwa inaniita."

"Na hii mizunguko ya zambarau?"

"Si inatuliza manjano? Bila hiyo ningeonekana kama bango."

Basi, mama amefundisha kipindi kizima, na mimi niliyeandaa maelezo ya kurasa mbili nimekaa chini. Kila siku ya soko watu wa Busia hutoa hukumu kali kuhusu rangi, uzito na mpangilio wa maumbo yasiyo na sura ya kitu chochote, na hutoa pesa zao kuthibitisha hukumu hizo. Hakuna anayemuuliza muuzaji, "Hii mistari inawakilisha nini?" Maswali ya maana huanza tu tukishapigilia kitambaa hicho hicho ukutani. Ajabu ya msumari.

4. "Nimemaliza."

Dakika nne zimepita. Igeuze juu chini. Bado umemaliza?

Hapa ndipo kazi ya mwalimu ilipo, na wengi huikimbia kwa kusema "vizuri sana" na kwenda kwa mwingine. Dhahania haina maana ya ovyo. Mpe huyu mwenye haraka masharti: rangi mbili tu, hakuna mstari ulionyooka, na kona moja ibaki tupu mpaka mwisho. Kona tupu itamtesa. Atazunguka meza, atainua brashi, atairudisha, atakuuliza kama anaweza kuweka nukta moja tu. Mkatalie. Sasa anachora.

3. "Nani atanunua?"

Wiki hii, hakuna. Tuseme ukweli kabla rangi haijakauka. Wanunuzi wa picha wengi wako Nairobi, ambako Circle Art ilianza minada ya sanaa ya Afrika Mashariki mwaka 2013, na hata huko wanaoishi kwa dhahania peke yake si wengi. Anayekuahidi vinginevyo ana kozi anayotaka uilipie.

Lakini mtazame yule kijana wa nyuma anayechora mabango ya vinyozi na hoteli. Alikuja akijua kuchanganya rangi kuliko mimi, akaondoka akijua kuacha nafasi. Bango lenye nafasi husomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Huyo faida yake ameshaipata.

2. "Nyanya yangu alikuwa akifanya hivi ukutani."

Mwenye kusema hivi husema kwa sauti ndogo, kama anayeungama. Mpe kiti cha mbele. Kina mama wengi wa magharibi mwa Kenya wamesiriba kuta kwa udongo na samadi, kisha wakazipamba kwa udongo wa rangi nyingine: mikanda, pembetatu, mawimbi yaliyovutwa kwa vidole wakati ukuta bado mbichi. Ukuta ulipokauka na kupasuka, walichora upya. Hakuna aliyewapa cheti. Muulize nyanya udongo mweupe waliuchimba wapi, na darasa lijalo lifanyikie huko.

1. "Haya ni mambo ya Wazungu."

Hii ndiyo kauli iliyofanya nianze kuhesabu. Husemwa na mtu mwenye akili timamu, mara nyingi mzee, na hustahili jibu lisilo la mzaha.

Mzee wangu, panda gari hadi vilima vya Chelelemuk, hapo hapo Teso Kaskazini, kaunti yako ya Busia. Kuna jabali linaitwa Kakapel. Chini ya paa lake la mawe kuna michoro myekundu na myeupe, na wataalamu hutofautisha humo mikono ya zama tatu. Wapo ng'ombe, ndiyo. Lakini ile ya kale zaidi, inayohusishwa na wawindaji wenye nasaba na Watwa, ni maumbo: duara ndani ya duara ndani ya duara. Vuka mpaka hadi Nyero, wilaya ya Kumi, kwa Wateso wa upande wa pili, utakuta duara za aina hiyo, nyekundu, juu ya jiwe. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kuwa wamepata Kakapel kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi. Kama waliopika kunde ndio waliochora duara, jabali halijasema, lakini mahali hapa pamekaliwa na watu kwa maelfu ya miaka.

Sasa rudi kwa Kandinsky. Mwaka 1913 alichora, kama jaribio la rangi, miraba kumi na miwili, kila mmoja na duara ndani ya duara. Nakala zake hutundikwa madarasani dunia nzima kama somo la kwanza la dhahania. Mchoro wenyewe uko Munich, nauli na viza juu yako. Kakapel ni safari ya boda, ndani ya kaunti, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wapeleke wanafunzi wako huko kabla hujawafungulia kopo la kwanza la rangi. Wakae, watazame, wachore kwenye daftari zao. Jiwe wasiliguse, na atakayetoa kalamu kuandika jina lake ukutani arudi Malaba kwa miguu.