Jinsi ya Kuibatiza Haradali ya Mlimani

Ukiikuta haradali-mwitu kwenye miteremko ya Milima ya Rocky, Marekani, usikimbilie kuipa jina. Piga magoti kwanza. Petali nne zimekaa msalaba, stameni ni sita, nne ndefu na mbili fupi? Basi ukoo umeupata: huyu ni ndugu wa kabichi na sukuma wiki. Shangilia kidogo, maana kazi nyepesi imekwisha.

Sasa achana na ua, toa lenzi. Maua ya jamaa hawa yanafanana mno. Siri imo kwenye vinywele vya majani ya chini. Ukiona kinywele chenye ncha mbili, kimeshikwa katikati na kulala juu ya jani kama mtumbwi uliopwelewa, na maganda yamesimama wima yakiwa na mbegu safu mbili, huenda umekutana na Boechera stricta. Andika kwa penseli.

Jina hilo limetoka mbali. Mwaka 1829 Robert Graham wa Edinburgh aliutangaza mmea huu kama Turritis stricta, na kwa kanuni za mimea aliyetangulia ndiye mwenye haki. Ulipowekwa kwenye jenasi Arabis, stricta ilikuwa imeshachukuliwa na mmea wa Ulaya, ikabidi uitwe Arabis drummondii. Baadaye kromosomu zikatoa ushahidi: Arabis huzipanga nane nane, jamaa za mmea huu saba saba. Mwaka 2003 Ihsan Al-Shehbaz akauhamishia Boechera, ambako stricta haikuwa na mwenyewe, na jina la Graham likarudi. Kwangu mimi hiyo ni haki iliyotendeka, hata kama lebo nyingi zililazimika kuandikwa upya.

Kisha ulizia wazazi, na hapo jiandae kutoka jasho. Boechera imepewa jina la Tyge Böcher, Mdenmark aliyechunguza jamaa zake wa Greenland na kuonyesha kwamba baadhi yao hutoa mbegu bila kurutubishwa. Spishi mbili zikizaa chotara mwenye uwezo huo, binti hutoka vilevile kama mama, kizazi baada ya kizazi. Wengi wa machotara hao wana kromosomu 21 badala ya 14. Je, chotara naye aitwe spishi? Mimi nasema ndiyo: anajizalisha, anatambulika, ana mlima wake.

Ukichuma kielelezo, kichimbue pamoja na majani ya chini, na usubiri maganda yakomae. Mmea uliokatwa shingo kwa ajili ya ua hauna cha kumwambia mtu wa hebaria.